Pikipiki Iliyolala Chumbani Kwangu

Majina ya wote waliokuwapo ninayo, na ya baba zao, na ya wale waliojifanya hawakuwapo. Siyaandiki. Wengine bado wanapita hapa Kidahwe asubuhi wakienda shamba na bado wananiamkia, sitaki waanze kupitia njia ya nyuma.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Watu walivuka kutoka Burundi, wakapelekwa kambini kule Kasulu, na baadhi yao wakatoka kambini kimyakimya kuja kutulimia mashamba kwa mlo wa siku. Sisi wenyeji tulipata faida moja kubwa miaka ile: hatukuwa tena na wezi wetu wenyewe. Wote waliokoka siku moja. Kuku akipotea, mkimbizi. Jembe likisahauliwa shambani, mkimbizi. Bwana mmoja wa hapa aliuza debe la mawese la mkewe akalimaliza lote kwenye pombe, akarudi nyumbani akipepesuka na kusema wakimbizi wamelichukua. Mkewe akaenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akaandika.

Ndipo mwanangu akapata pikipiki.

Hakuinunua kwa maringo, hilo nimtetee. Mimba ya kwanza ya mkewe iliishia njiani. Uchungu ulimshika hapa nyumbani, tukampakia kwenye baiskeli, tukaanza kusukuma kwenda mjini Kigoma, na mtoto hakuufikia mji. Nesi alimwambia mkwe wangu, "Ukishika mimba nyingine, tumbo likianza tu, usikae kusikilizia. Njoo." Basi aliposhika nyingine, mwanangu akaachia fungu lake la michikichi, akapewa pikipiki nyekundu iliyokwisha kutumiwa na watu wengi kabla yake. Ilikohoa kama babu. Lakini ilikuwa ndiyo njia ya mtoto yule kufika hospitali akiwa hai, na sote tulilijua hilo. Nadhani ndiyo maana tuliacha kutumia akili.

Mwenyekiti alikuja kuitazama. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari wa ng'ombe.

"Hii," akasema, "haimalizi wiki."

"Kwa nini, Mzee?" mwanangu akauliza.

"Yule wa baiskeli si yuko pale?"

Yule wa baiskeli alikuwa Mrundi mmoja, mtu mzima, mpole, aliyekaa kwenye kibanda pembeni mwa shamba la jirani na kuziba pancha chini ya upenu. Kosa lake lilikuwa kwamba alijua vitu vya magurudumu. Kwa mwenyekiti huo ulikuwa ushahidi tosha. Mwanangu akaenda kumwambia mbele ya watu asikanyage ua wetu. Jamaa akajibu, "Sawa, ndugu," akaendelea kupiga pampu.

Baada ya hapo likaanza zoezi la ulinzi. Pikipiki ililetwa kulala ndani, na ndani kwenyewe ikawa chumbani kwangu, kwa kuwa mimi ni mzee na wazee, nikaambiwa, hatulali. Nilikuwa nalala vizuri sana mpaka siku ile. Kwa ajili ya petroli nikakatazwa kuwasha koroboi. Nikawa navua nguo gizani, pembeni ya pikipiki, katika nyumba niliyoikandika kwa mikono yangu.

Kisha mnyororo. Ulipita gurudumu la mbele, ukazunguka nguzo ya katikati inayobeba paa, ukarudi. Makufuli mawili, yote ya mjini, yote mazito. Muuzaji alimwapia mwanangu kwamba hata tembo hafungui, ingawa sijasikia tembo aliyewahi kujaribu. Ufunguo mmoja akakaa nao yeye, wa pili nikapewa mimi.

"Mwizi akinibana mimi, hana wako," akanieleza. "Akikubana wewe, hana wangu."

"Na akitubana wote?"

"Mama, usilete maneno."

Juu ya hayo, kila jioni alichomoa plagi akaifukia kwenye kopo la maharage, halafu akatoa upepo wa tairi la nyuma, ili mwizi atakayefungua makufuli yote ashindwe kuisukuma. Asubuhi akihitaji kutoka anaanza kujaza upepo kwa pampu ya kuazima, jasho linamtoka. Baada ya wiki chache akaona bora aende kwa miguu. Pikipiki ikabaki ndani inalindwa. Mkwe wangu, tumbo likiwa limekwisha kushuka, akapita mlangoni akaitazama, akasema, "Huyu anatunzwa kuliko mimi." Tukacheka. Hakuwa anatania.

Mimi ufunguo wangu niliufunga kwenye pindo la kanga. Ndiko mwanamke anakoweka vitu vyake. Mama yangu aliweka huko, na bibi yangu. Mfuko unatoboka, kopo linapekuliwa, lakini fundo la kanga liko mwilini mwako. Nilijisifu nalo, na nilikuwa na haki, mpaka asubuhi ile.

Asubuhi ile jirani yangu alikuja mbio analia. Ndugu yake amefariki Ilagala, gari liko barabarani linapiga honi, na yeye amevaa kanga moja tu. Kwetu mwanamke haingii msibani na kanga moja. Anajifunga moja na nyingine anajitanda, la sivyo watamsema mpaka matanga yaishe. Nikavua yangu ya mabegani nikamtanda mwenyewe. "Mungu akuzidishie," akaniambia. Waliokuwapo wakasema mama huyu ana moyo. Nikarudi kukaa kwenye kigoda nikiwa nimejaa wema mpaka kooni.

Jua lilikuwa halijafika kichwani mkwe wangu alipoita kutoka jikoni. "Mama. Limeanza."

Mtoto wa jirani akatumwa kwenye michikichi ya watu, mwanangu alikokuwa kibaruani, naye akaja anakimbia, matope mpaka magotini. Akaingia chumbani, akafungua kufuli lake kwa sekunde moja, kwa fahari kabisa. Akaninyooshea kiganja.

"Lete wako."

Nikapeleka mkono begani. Hakukuwa na kitu begani.

"Mama, ufunguo."

"Umeenda msibani," nikasema.

"Msibani wapi?"

"Ilagala."

Hakunitukana. Alinitazama tu, na mimi nikaona afadhali angetukana.

Watu wakajaa, maana kwetu mtu akipaza sauti mara moja nyumba inajaa. Mmoja akaleta nyundo. Akapiga mara nne, kichwa cha nyundo kikaruka kikapita dirishani, kufuli likabaki linatutazama. Mwingine akataka tuikate nguzo kwa shoka. Nikamwuliza paa tutalishika kwa nini, akasema hilo litajadiliwa baadaye. Mwanangu akasema basi aletewe baiskeli. Neno lile lilipotoka, mkwe wangu, aliyekuwa amejishika ukutani, akageuka.

"Baiskeli sipandi," akasema. "Nilishapanda."

Maumivu yakamrudia, akayangoja yapite, kisha akasema kwa pumzi ndogo, "Mwiteni yule mtu wa pancha. Au mnaogopa ataijua pikipiki ilipolala?"

Mwanangu akaangalia chini. Mwenyekiti, aliyekuwa amefika bila kuitwa, akaangalia juu. Nikaenda mwenyewe, nikiwa na kanga moja kama mwendawazimu.

Nilimkuta ameinamisha kichwa kwenye ringi. "Amahoro, mukecuru," akanitakia amani, kama anavyosalimiwa bibi kwao.

"Amahoro si leo. Mkwe wangu anajifungua na pikipiki tumeifunga wenyewe."

Akafikiri kidogo. "Mwanao si alisema nisikanyage ua wenu?"

"Alisema. Kanyaga."

Akachukua pampu na spoku moja ya baiskeli iliyobanwa ncha ikawa bapa. Chumbani kwangu akapiga magoti, akaingiza ile spoku kwenye kufuli la tembo, akasikiliza kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nilikuwa sijamaliza kuomba. Likafunguka.

"Mmeona?" mwenyekiti akasema kwa sauti ya ushindi. "Mmeona? Huyu amejulia wapi kufungua kufuli?"

Jamaa hakugeuka. Alikuwa ameshaanza kujaza upepo. "Kambini, Mzee. Watu walikuja na masanduku, funguo wakaziacha walikokimbia. Kila siku naitwa." Akapiga pampu. "Mimi nilikuja na ufunguo. Nyumba ndiyo iliyobaki."

Mwenyekiti akakumbuka kwamba ana kikao.

Plagi tuliitafuta kwenye maharage, nikayamwaga yote sakafuni. Mwanangu akaifunga kombo mara mbili, mpaka yule jamaa akamtoa spana mkononi, taratibu, akamalizia yeye. Babu mwekundu akakohoa, akakataa, akakohoa, akakubali. Tukapanda watatu mishikaki, mwanangu mbele, mkwe katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Jamaa akatusukuma mpaka barabarani. Sijui kama kuna aliyemwambia asante. Mimi sikusema, nilikuwa nimeshika mtu.

Njia nzima nilisikia tumbo lile likikaza na kulegea chini ya viganja vyangu. Kila kwenye makorongo mkwe wangu alisema, "Polepole," na kila mwanangu alipopunguza mwendo alisema, "Unangoja nini?" Tulipita mahali fulani, kabla ya mji, ambapo akaniminya vidole mpaka vikalia. Sikuuliza ni mahali gani. Nilikuwepo mara ya kwanza pia.

Tulifika langoni akiwa hawezi tena kusimama. Mwanangu akaruka kabla pikipiki haijatulia, ikaanguka ubavu, ikaachwa hapo hapo injini ikinguruma, akambeba mkewe kuingia ndani. Mimi nikafuata na nguo za mtoto. Hatukukaa muda mrefu nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia. Mtoto alilia mwenyewe, kwa hasira, bila kupigwa. Wa kike. Tukasikia nesi akimwambia mkwe wangu, "Umefika kwa wakati." Akajibu, "Muulize mama mkwe."

Walipotuita ndani mwanangu alisimama kwenye mlango wa wodi kama mgeni. Halafu nikaona uso wake unabadilika, macho yanakimbilia dirishani, na nikajua amekumbuka. Pikipiki iko langoni, katikati ya mji, haina kufuli hata moja, ufunguo umo. Akaanza kurudi nyuma.

"Unakwenda wapi?" mkewe akamwuliza.

"Mara moja tu. Ile kitu iko nje..."

"Kaa."

"Wataichukua."

"Waichukue. Kaa, mshike mtoto."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, viganja bado vina grisi. Nikamfuta kwa kanga yangu iliyobaki, nikamwekea mtoto mikononi.