Shimo la Kumsimamisha Limbu

Jua limeshachomoza juu ya mbuga za Usangu, na ng'ombe wa Maganga wamekwisha kutoka zizini. Vumbi lao bado linaelea juu ya boma la miiba wakati Tusajigwe Mwasumbi anapopiga magoti kwenye samadi laini na kupima kina cha shimo kwa mkono wake.

"Rudisha kidogo, baba. Limezidi."

Maganga, mwanamume mrefu mwenye shuka begani, anarudisha udongo kwa jembe huku akinung'unika. "Jana ulisema halitoshi."

"Jana ni jana. Leo magoti yake yana nguvu."

Kando yao, juu ya ngozi ya ng'ombe, amekaa Limbu, binti wa Maganga, mwenye umri wa miaka sita. Miguu yake ni myembamba na imekakamaa tangu kuzaliwa. Kila akitaka kuinyoosha, inapishana. Tusajigwe anaizungushia kanga kuukuu, anamshika mtoto makwapani na kumteremsha shimoni polepole. Yeye na Maganga wanashindilia udongo pande zote, kisha wanaachia mikono.

Limbu amesimama.

"Mayu, nitazame!" anamwita mama yake. Nyamizi, mjamzito wa miezi minane, amejishikiza kwenye mlango wa nyumba. Hasogei. Lakini anatazama.

Shimo la kwanza lilimfika Limbu kiunoni. Hili la leo linaishia chini ya magoti. Tusajigwe anataka kufikia Januari pasiwe na shimo kabisa, kwa sababu Januari ndipo watoto wa darasa la kwanza watakapoandikwa katika shule ya kijiji cha Ilongoti. Mwalimu mkuu, Joachim, hakuzungusha maneno alipoulizwa habari za Limbu.

"Nina walimu watatu na vyumba viwili," alisema. "Simchukii mtoto, lakini sina mtu wa kumbeba. Akifika mlangoni kwa miguu yake, nitamwandika."

Kutoka nyumbani kwa Maganga hadi mlango huo hata mzee mwenye mkongojo hafiki amechoka. Kwa Limbu ni safari ya maisha.

Tusajigwe ana miaka thelathini na mmoja. Ni mlezi katika kituo cha watoto wadogo cha Ilongoti, kijiji cha ujamaa kilicho ndani kidogo kutoka barabara kuu inayopita Igawa. Wazazi wakiwa shambani, yeye hukaa na watoto wa miaka mitatu hadi sita: huwapikia uji, huwaimbisha, huwafundisha kuhesabu kwa kokoto na kuosha mikono. Kijiji humlipa shilingi thelathini kwa mwezi zikipatikana, na magunia mawili ya mpunga wakati wa mavuno.

Alizaliwa Rungwe, kwenye mvua na migomba. Alipelekwa Iringa kwa mafunzo ya miezi mitatu ya ulezi, na kutoka Iringa akaletwa Usangu, ambako hakuna aliyekuwa akimjua. Wenyeji ni Wasangu. Wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, kama akina Maganga, huzungumza Kisukuma majumbani mwao. Kinyakyusa chake hakikuwa na wa kukijibu.

"Siku za mwanzo nilikuwa nikisali kwa sauti jioni," anasema, "si kwa sababu ya imani tu. Nilitaka kusikia lugha ya nyumbani."

Kule Iringa alifundishwa mengi, ila hakufundishwa cha kufanya na mtoto asiyetembea, asiyesikia au mwenye kifafa. Alipouliza, aliambiwa hao wana mahali pao. Hakuambiwa ni wapi.

Ilongoti alipaona. Mahali pao palikuwa nyuma ya mlango. Timotheo, mtoto asiyesikia, alikuwa akifungiwa na mbuzi ili asipotee. Sekela, ambaye huanguka kifafa, alikuwa akila peke yake kwa bakuli lake. Na Limbu alikuwa akilala juu ya ngozi tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Tusajigwe aliwafuata mmoja mmoja. Alimfundisha Timotheo kwa kumgusa bega na kumwonyesha. Sekela alimkalisha katikati ya wenzake ili akianguka aangukie mapaja, si mafiga. Limbu alimbeba mgongoni, asubuhi kumleta na mchana kumrudisha.

Hapo ndipo alipoanza kuwapoteza watu wazima.

Katika kijiji hicho wanawake wengi wanaamini kwamba mjamzito akigusana na mtoto wa namna hiyo, aliye tumboni naye atafuata. Tusajigwe akitokea njiani na Limbu mgongoni, wajawazito walikuwa wakikata kona kuingia kwenye majani. Baadaye hata wasio wajawazito wakaona ni salama zaidi kuwahi au kuchelewa. Akifika kisimani, anakuta ndoo zimeshaondoka. Harusini aliletewa chakula chake nyumbani, kwa heshima zote, ili asije.

"Hawakunitukana," anasema. "Ungetukanwa ungejua pa kuanzia."

Kisha likaja jambo la shimo.

Mdogo wake Tusajigwe, Ezekia, alichelewa sana kutembea. Mama yao alikuwa akichimba shimo kwenye udongo laini nyuma ya nyumba na kumsimamisha humo kila siku, akimwimbia. Wengi kwao hufanya hivyo kwa mtoto mzito wa miguu. Leo Ezekia anachechemea, lakini anatembea, na anapiga ngoma kwenye kwaya ya kanisa.

Mwezi wa Julai mwaka huu, Tusajigwe aliwachukua watoto wa kituo mpaka kwenye mchanga wa mto uliokauka. Alichimba shimo, akamsimamisha Limbu, akashindilia mchanga mpaka kiunoni. Mtoto ambaye alikuwa akiwatazama wenzake kwa chini siku zote, akajikuta anatazamana nao uso kwa uso. Alicheka hadi akashikwa na kwikwi.

Ng'ambo ya mto walikuwa wakipita wanawake wawili waliotoka kuchota maji. Waliona nusu ya mtoto juu ya ardhi, na mgeni kutoka Rungwe amepiga magoti akishindilia mchanga. Walitupa mitungi wakakimbia.

"Anazika! Mwalimu anazika mtoto mzima!"

Kabla uji haujapoa, kijiji chote kilikuwa mtoni. Maganga alikuja na fimbo. Alimng'oa binti yake mchangani kwa mkono mmoja na kumfunika kwa shuka, huku Limbu akilia, si kwa hofu, bali kwa sababu alikuwa hajamaliza kucheza.

Alasiri Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomeo, aliitisha mkutano.

"Mwalimu, tueleze," alisema. "Na ueleze vizuri, maana mimi mwenyewe sielewi."

Tusajigwe alisimama. Alitafuta mfano ambao kila mtu angeuelewa, akautoa alikotoka. Alisema mtoto dhaifu ni kama mgomba mchanga: bila kuchimbiwa na kushindiliwa udongo, upepo utauangusha.

Kisha mama mmoja akasema, "Huyo ni mtoto wa Maganga, mwalimu. Si ndizi!"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. "Na mbolea ulitia?" akadakia mwingine. Bibi yake Limbu, mama yake Maganga, hakucheka. Aliinuka akasema, "Sisi shimo tunalichimba kwa ajili ya maiti. Mjukuu wangu hajafa."

Mwenyekiti hakumfukuza Tusajigwe, lakini aliamuru Limbu asipelekwe tena kituoni. Wazazi wengine wakaamua wenyewe. Kati ya watoto thelathini na wanne, wakabaki tisa. Yeye akabaki na jina, Mpanda Watoto. Wachungaji walimwita hivyo kwa mbali, wakipiga miluzi.

Julai ile, anasema, ndipo alipojua kwamba nyumba ya chumba kimoja inaweza kuwa kubwa. Alikuwa akipika ugali wa mtu mmoja na kuula akiwa amesimama, kwa kuwa kukaa kulimkumbusha kwamba hakuna aliyekaa mbele yake. Aliandika barua ya kuomba kurudi Rungwe. Aliichana kabla ya kuipeleka, kwa sababu moja tu: alikuwa amemwahidi Limbu kwamba watarudi mtoni.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kituoni, alikwenda kusimama nje ya boma la Maganga. "Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma kidogo alichokuwa nacho. Wakubwa hawakuitika. Kutoka ndani ya nyumba sauti ndogo ilijibu, "Mwangaluka mhola, mwalimu! Leo tunakwenda?"

"Leo bado, mwanangu."

Asubuhi moja mwezi wa Agosti, Nyamizi alikuja upande wa pili wa miiba na kujifanya anaokota kuni.

"Mwalimu, usinitazame," alisema. "Ongea ukitazama ng'ombe. Alisimama kweli?"

"Alisimama."

"Bila kushikwa?"

"Mikono yangu ilikuwa hewani, mama."

Nyamizi aliendelea kuokota kuni ambazo hazikuwapo. Alisema tangu mimba ionekane amekatazwa kumbeba binti yake. Akilia usiku, bibi ndiye anayemwinua. "Jana ameniuliza kama mgongo wangu unauma. Nikasema unauma. Ningemwambia nini?"

Kisha akauliza kilichokuwa kikimsumbua: kwa nini shimo? Safari hii Tusajigwe hakutaja mgomba. Alieleza kwamba udongo unashika magoti yasikunjike, ili mifupa na misuli izoee kubeba mwili, na kila mtoto akipata nguvu shimo linapunguzwa.

Nyamizi aliacha kuokota. "Kumbe ni ndama," alisema.

"Ndama?"

"Ndama akizaliwa mlegevu, Maganga anampitisha ukanda wa ngozi chini ya tumbo, anamning'iniza kwenye nguzo, kwato ziguse chini tu. Anakaa hivyo mpaka miguu ikubali. Sasa mkutanoni kwa nini ulituletea ndizi?"

"Sikuwa nikijua habari za ndama."

"Ungeuliza."

Nyamizi alimweleza mumewe usiku ule, kwa maneno yake. Kwa siku tatu Maganga aliendelea kupeleka ng'ombe malishoni kama kawaida. Siku ya nne Tusajigwe alipofika kwenye miiba kusalimia, alikuta lango limefunguliwa na shimo limechimbwa katikati ya zizi, mahali ambapo samadi huwa laini na ina joto la ng'ombe waliolala.

"Utafanya hapa, mbele ya macho yetu," Maganga alimwambia. "Na shimo nitachimba mimi. Mtoto wangu hachimbiwi na mtu mwingine."

Bibi alitoa kigoda akaketi karibu, fimbo mapajani, akilinda. Wiki ya kwanza alitazama tu. Wiki ya pili alimwambia Tusajigwe kwamba kanga anaifunga vibaya, akaifunga mwenyewe.

Sasa ni Novemba. Asubuhi hii, baada ya shimo, Limbu anatolewa na kupewa fito mbili alizochongewa na baba yake. Anapiga hatua moja. Mguu wa pili unapishana na wa kwanza, anayumba, Tusajigwe ananyoosha mikono lakini hamgusi. Limbu anakaa chini kwa kishindo.

"Samadi laini," anasema mwenyewe, na bibi anacheka kwa mara ya kwanza.

Lakini muda ni mchache. Majani ya Usangu yamekwisha, na wafugaji wanaanza kuhamisha mifugo kuelekea upande wa Chunya. Awali Maganga alikusudia kuondoka na familia yote na kumwacha Limbu kwa bibi, juu ya ngozi ile ile. Wiki iliyopita alibadili mawazo. Ng'ombe watakwenda na mdogo wake, Shija. Ni uamuzi mzito kwa mfugaji, na wenzake wamemcheka.

"Wanasema nimegeuka mlezi," anasema Maganga. "Waseme. Januari nitakuwa mlangoni pa shule. Nataka nimwone mwalimu mkuu akimwandika."

Je, Limbu atafika mlangoni? Tusajigwe hapendi kudanganya. Anasema miguu ya mtoto huyu haitakuwa kama ya wengine kamwe, na huenda Januari ikamkuta hatua chache kabla ya mlango. "Basi atatambaa hizo zilizobaki," anasema. "Mwalimu mkuu alisema kwa miguu yake. Nitamwomba ahesabu na magoti."

Mchana, kituoni, watoto ni kumi na watatu. Wanne wamerudi. Sekela analala mapajani mwa mwenzake, Timotheo anapanga kokoto. Saa nane wote wanakwenda zao, na Tusajigwe anaosha sufuria peke yake. Limbu hufundishwa kwao, na tangu Julai habebwi tena kuletwa kituoni.

"Nimefurahi," anasema. "Ila njiani mgongo wangu unahisi baridi. Nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye kwenda na kurudi."

Akiulizwa anatamani nini, hataji mshahara wala nyumba ya bati. Anasema anataka mwenzake mmoja hapa kituoni, mtu wa kushika upande wa pili wa mtoto mzito, wa kumuuliza "umeonaje leo?" kazi ikiisha. Amekwisha kumchagua. Ni Nyamizi. Atasubiri ajifungue salama na mtoto apate nguvu, kisha atamwendea Mwenyekiti, amwombe ampeleke Nyamizi Iringa kwa mafunzo kama aliyoyapata yeye. Nyamizi mwenyewe bado hajaambiwa.

"Akikataa?"

"Anaweza kukataa," anajibu, akikung'uta maji mikononi. "Lakini yeye ndiye aliyeelewa kabla ya wote."

Fundi seremala wa kijiji amekwisha kumchongea kigoda cha pili. Kimewekwa kando ya kile chake, mbele ya jiko la mafiga. Kwa sasa juu yake ameweka sufuria ikauke.