Miaka 715

Jumatatu tulimzika dada Zuhura. Jana nilimkuta mwanawe akihangaika na programu ya kikokotoo kwenye kompyuta, nikaikumbuka ile ya kwanza aliyoiandika mama yake.

Alasiri ile ya utotoni chumba chetu cha Malindi kilinukia mafuta ya nazi ya nywele zake.

"Hebu nijaribie," akaniambia. "Jumlisha umri wako na wangu."

Nikaandika saba, alama ya kujumlisha, kumi na tano. Ikatoka 715. Nilidhani ndiyo miaka tutakayoishi pamoja. Sasa najua ilizibandika namba tu, haikuzijumlisha.

"Zuzu hili!" Akacheka, akairekebisha. Ikatoka 22.

Nikalia. "Dada, umetupunguzia miaka!"

Akanitazama, kisha akafuta alichorekebisha.

"Haya, nshakurudishia. Bonyeza."

Nikabonyeza, ikatoka 715.