Kuku wa Pili

Mwaka tulipoamriwa kuhamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa nimerudi Bariadi kutoka chuo kikuu, nikisubiri kupangiwa kazi. Nilikuwa nimesoma falsafa kidogo, kiasi cha kunikosesha raha. Niliweza kukaa na bakuli la uji nikijiuliza kama ni mimi niliyeamua kuunywa au ni njaa, mpaka uji ukaganda.

Amri ilikuwa wazi. Kabla ya mvua, kila familia iwe imejenga katika kijiji kipya kando ya barabara ya Dutwa. Atakayechelewa atafuatwa na mgambo kwa lori, na nyumba yake itatiwa moto. Kwa hiyo baba alibakiwa na jambo moja la kuamua: abomoe nyumba sasa, aokoe miti ya paa aliyoikata na marehemu babu, au asubiri, huenda amri ikalegea.

Wazee wa Kisukuma wa rika lake hawaamui jambo kama hilo bila kuku. Tukaenda kwa mfumu, yaani mganga anayesoma matumbo ya kuku. Baba alimtemea kuku mate mdomoni, akamnong'oneza swali lake, akamkabidhi. Mfumu akampasua, akachungulia chini ya mabawa, akapekua matumbo, akatikisa kichwa.

"Safari ina giza."

Baba aliinamia kapu lake. Kisha akatoa kuku mwingine.

"Yule nilimwuliza vibaya," alisema.

Wa pili alikubali. Njiani sikuweza kujizuia.

"Baba, na huyu angekataa?"

"Nyumbani kuku wapo."

"Basi ulikwisha amua. Kuku wa nini?"

"Ng'wana wane, mwanangu, ungekuwa unauliza wewe, tungemaliza kuku wa Bariadi nzima na bado hatujahama."

Alicheka peke yake mpaka nyumbani. Mimi nilibaki na swali langu. Kama mgambo watakuja vyovyote vile, na kama kuku watachinjwa mpaka apatikane wa kukubali, baba alikuwa amechagua nini hasa?

Kesho yake tulianza kubomoa. Yeye alikaa juu ya paa akifungua kamba, mimi chini nikipokea miti. Jirani yetu alikuwa ameuliza kuku mmoja tu, akaambiwa abaki, akabaki. Alikuja kuletwa na lori, yeye na mkewe na vyungu viwili, moshi wa nyumba yake ukionekana nyuma. Akapewa kiwanja ubavuni mwa chetu. Vumbi letu likawa moja, na maji tukachota bwawa moja.

Katika mkutano wa kwanza wa kijiji, mwenyekiti aliwashukuru mgambo kwa kazi nzito ya kutuleta sote. Baba akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sikuletwa. Nilikuja."

Watu wakaangua kicheko.

"Kaa chini, mzee mwenzangu," jirani akamwambia. "Lori letu lilikuwa moja. Wewe ulilikimbia kwa mbele, mimi likanikuta."

Kicheko kikazidi. Hata mwenyekiti alifunika mdomo. Baba hakukaa. Alikuwa amekamata kofia yake kwa mikono miwili. Miezi ile yote alikuwa amepoteza mashamba, kaburi la babu na malisho ya ng'ombe bila kulalamika. Hili moja hakutaka kunyang'anywa. Akageuka kunitazama.

Nikaanza kupima. Jirani hakusema uongo: bila lori tusingebomoa. Lakini na yeye alilijua lori, na hakubomoa. Au ni kuku wake aliyemzuia? Na baba, kwa nini hakuweza kumkubali kuku wa kwanza? Labda alizaliwa mtu wa namna hiyo, na basi hata ule ukaidi haukuwa wake...

Kabla sijafika mwisho wa hoja nilijikuta nimesimama, miguu imetangulia kichwa.

"Alikuja mwenyewe," nilisema. "Mimi ndiye niliyepokea miti."