Puto Juu ya Chupa ya Umutobe

Andalio la somo katika shule ile lilikuwa na sehemu moja ambayo sijaiona kwingine: mtazamo wa dini. Mada yoyote ya sayansi, iwe mizizi, iwe sumaku, unaandika hapo aya inayoendana nayo, halafu unaieleza darasani. Na mimi ni Mkristo. Familia yetu ilitoka Burundi, tukapewa uraia hapahapa Kasulu, Jumapili naimba kwaya. Shule ya Kiislamu ilinichukua kwa majaribio nifundishe baiolojia kidato cha pili, nikiwa na cheti cha kidato cha sita na ndoto kubwa kuliko cheti chenyewe. Nilitaka sana kubaki. Mkuu wa shule akasema atakaa kwenye somo langu moja, ndipo aamue.

Aya ndizo zilizonitia hofu. Msahafu siugusi, sina udhu, na Kiarabu changu kinaishia kwenye salamu. Basi mwalimu wa dini, ustadhi wa shule, alikuwa ananisomea tafsiri, mimi naandika, huku nikiogopa nisije nikaharibu maneno matakatifu ya watu.

"Dada, andika tu," alikuwa akiniambia. "Aya haing'ati."

Mada ya siku ya ukaguzi ilikuwa jinsi chachu inavyokula sukari na kutoa hewa. Nikawaza, huku kwetu kuna ndizi, kwa nini nihangaike na hamira ya dukani? Mama alikuwa amekamua umutobe, ile juisi ya ndizi, kwa ajili ya harusi ya kanisani. Nikamwomba chupa moja.

"Wapelekee wakiwa tayari kuunywa," mama akasema. "Umutobe haujui kusubiri."

Sikumwambia kwamba si wa kunywa. Nikaupeleka shuleni, na siku hiyohiyo mkuu akapata msiba Kibondo. Somo likaahirishwa. Chupa ikabaki kabatini.

Aliporudi baada ya siku kadhaa, hakutoa taarifa, alinikuta tu mlangoni mwa maabara. Nikafungua kabati. Harufu iliyonipokea niliijua tangu utoto: ni urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Nyumbani hakuna anayejiuliza juisi imegeuka pombe saa ngapi. Shangazi zangu huonja tu na kuendelea kuonja. Lakini pale, msikiti uko katikati ya uwanja. Nilitamani niimwage yote dirishani.

"Binti, tunakusubiri," mkuu akasema, akaenda kukaa nyuma.

Nikavalisha puto kwenye mdomo wa chupa. Likaanza kuvimba polepole, likasimama wima, darasa zima likacheka. Mimi mtandio unanitoka kichwani. Msichana wa mbele akanyoosha kidole.

"Madamu, hiyo ni juisi au pombe?"

"Si unuse mwenyewe," mvulana wa nyuma akamdakia. "Kijijini kwenu Rungwe Mpya mnaijua vizuri."

Ningeweza kusema juisi. Kipimo hatukuwa nacho, nani angenibishia? Nikaangalia karatasi yangu. Aya aliyonipa mwalimu wa dini inataja matunda ya mitende na mizabibu, kwamba watu hupata humo kileo na pia riziki njema. Nilipanga kuisoma haraka nipite. Sasa nikaisoma taratibu, maana sikuwa na pa kupitia.

"Ilipotoka nyumbani ilikuwa juisi," nikasema. "Chachu imekula sukari, ndiyo hewa mnayoiona kwenye puto. Kwa harufu hii, imeshakuwa pombe. Nimeileta mimi, na sikutegemea ifike huku."

Mkuu akainuka, akaja mbele, akalitazama puto.

"Na hii hewa, nayo ni haramu?"

Sikujua kama ananitega. "Hewa naweza kuieleza, mkuu. Uharamu wake sijui. Hilo wanafunzi wamuulize ustadhi, mimi nikijibu nitawadanganya."

Akatikisa kichwa, sikuelewa ni kukubali au kusikitika. "Endelea na somo."

Nikaendelea, sikumbuki nilisema nini. Baadaye akaniagiza nikaimwage nje ya uzio, niioshe meza, na kesho yake nifike ofisini.

Kesho yake alinikaribisha kiti. Nikakaa ukingoni kabisa.

"Wanafunzi walibishana bwenini kuhusu lile puto mpaka ustadhi akaitwa," akasema. "Ustadhi naye kaomba muda akasome. Utabaki hadi mwisho wa muhula, tutaangalia tena. Ila chochote kutoka jikoni kwenu, nikione mimi kwanza."

"Sawa mkuu."

Hadi mwisho wa muhula tu. Nikatoka, nikajificha nyuma ya maabara, nikalia kidogo, nikacheka kidogo, halafu kengele ikalia na kidato cha pili walikuwa wananisubiri.