Mwalimu Anataka Maoni

Juzi, kwenye duka la fotokopi mjini Mbarara, mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alinisogezea insha ya Kiingereza ya binti yake. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba binti amesimulia kitabu tu. Chini yake aliuliza: yeye mwenyewe anaonaje?

"Kosa iko wapi, fasi gani?" mama akauliza. "Amesema yote, hakuongeza kitu."

Nikamweleza kwamba hadithi mwalimu anaijua. Anataka binti achague maneno ya mwandishi, kisha aseme anayaelewaje.

Mama akaikunja insha. "Kwa intavyu ya bakimbizi banatuulizaka mara mingi, na sisi tunasema vilevile. Ukiongeza yako, dosye, ile faili yako, inakwama. Nilimufundisha hivyo tangu mudogo."

Binti, aliyesimama kando yake, akanitazama. "Na nikiona vingine wiki ijayo?"

"Andika hivyo vingine," nikasema.

Mama akanivuta kando, akashusha sauti. "Miaka yote banatuuliza nini ilitokea. Huyu mwalimu ni wa kwanza kuuliza mutoto wangu anaona nini. Anatafuta nini?"

Mimi hulipwa kuandika maoni gazetini kila wiki. Wiki hiyo niliandika swali lake.