Wageni Wawili Wasiopaswa Kukutana

Nilipoacha kazi ya kutunza wazee nikaenda kufanya kazi kwenye maabara ya kupima kamera huko Plymouth, akina mama wa kanisa letu la Brooklyn Center waliniombea. Hawakuniombea kwa furaha. Waliniombea vile mtu huombewa akiwa amepotea njia. Mkenya wa Minnesota, huku Marekani, akikuambia anaenda kazini, huna haja ya kumuuliza kazi gani; karibu sote tunatunza wagonjwa. Unamuuliza zamu gani. Sasa mimi nilikuwa naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja, na hakuna mgonjwa niliyemgusa.

"Kwa hivyo mnapiga picha?" mama mmoja aliniuliza.

"Hatupigi. Tunapima kile kinachopiga."

Alinitazama kwa huruma, akanijazia chai.

Kile kinachopiga kinaitwa kihisi. Ni kipande kidogo kama stempu kinachokaa nyuma ya lenzi, kinapokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Zamani kazi hiyo ilifanywa na filamu. Kampuni za kamera huoneana wivu mkubwa kwa ajili ya kipande hicho. Maabara yetu haikuwa na upande. Tulipima vihisi vya kila aliyetuletea, tukaandika ripoti, tukanyamaza. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kupanga nani atatumia mashine gani saa ngapi, na kuhakikisha kila anayeingia ametia sahihi karatasi za kutunza siri. Kwa kutunza siri nilikuwa tayari nina uzoefu. Nimekulia kwenye nyumba yenye dada watano.

Mwezi mmoja wa Juni, bosi wetu alifanya kosa. Alikuwa mzungu mpole wa huku huku, mtu asiyepandisha sauti. Akikasirika ni masikio tu yanakuwa mekundu. Asubuhi ya Jumatatu alinijia masikio yakiwa kama nyanya. Alikuwa amezikubalia kampuni mbili zinazoshindana zije wiki moja. Kila moja imemtuma mhandisi wake, wote wawili wameshafika mjini, na kila mkataba unasema mhandisi huyo asimwone wa ile nyingine, wala kujua kama yupo.

"Unaweza kupanga kitu?" aliuliza.

Nikamwambia naweza. Ukweli ni kwamba nilifurahi kupita kiasi.

Nilitengeneza beji za rangi mbili. Mhandisi wa kampuni ya kwanza, mzee mwembamba mwenye miwani aliyekuwa karibu kustaafu, nilimpa ya bluu. Wa kampuni ya pili, mama wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vya raba, nilimpa ya njano. Bluu angeingilia mlango wa mbele, Njano mlango wa kupokelea mizigo. Bluu angetumia choo cha karibu na ofisi, Njano cha karibu na stoo. Hata mashine ya kahawa niliigawa: moja huku, moja kule. Ratiba niliichapisha, nikaikata vipande vidogo, nikaitia mfukoni.

Msaidizi wangu alikuwa fundi wetu wa vipimo, Mtanzania mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Aliisoma ratiba yote kwa utulivu.

"Dada, naomba kuuliza. Na je, mmoja wao akibanwa na haja nje ya ratiba?"

"Hapo ndipo unaingia wewe, kaka. Na ndoo."

Kufikia saa nne ile ndoo ilikuwa imeshafanya kazi. Mzee alitoka chumbani ghafla akielekea upande wa stoo, na mama alikuwa akija kwenye korido ile ile. Fundi wetu, mtu mwenye shahada mbili, aliruka katikati akamwaga maji sakafuni na kuanza kupiga deki kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mimi nikamshika mzee kiwiko.

"Pole, kunateleza sana. Umewahi kuwaona bata bukini wetu?"

Nilimtoa nje hadi maegesho ya magari, ambako bata bukini mmoja alikuwa amejitwalia nafasi mbili za kuegesha na kumzomea kila mwenye gari. Nilimpa mzee mhadhara wa dakika kumi kuhusu bata bukini, na robo tatu niliutunga pale pale. Alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma. Jumanne nilimtoa tena mara mbili. Jumatano, kabla sijafungua kinywa, aliuliza, "Twende kwa bata?" akachukua kofia yake.

Jumatano hiyo hiyo alisema jambo lililonitia wasiwasi. Alionja kahawa ya upande wake, akakunja uso, akasema, "Nasikia ya upande ule ni nzuri zaidi."

"Upande upi?" nikauliza.

"Upande wowote," akajibu, akaenda zake.

Nilimsimulia fundi. Tukakubaliana kuwa mzee ameanza kunusa kitu, na kuanzia hapo tuongeze bidii. Tuliongeza. Nilikuwa nafika nyumbani jioni nimechoka kuliko siku za kuinua wazee kitandani. Binti yangu akiniuliza kwa Kiingereza kazini nilifanya nini, namjibu kwa Kiswahili kwamba nimelinda mipaka.

Alhamisi alasiri mbingu iligeuka kijani. Ukikaa huku miaka kadhaa unajifunza kuiogopa rangi hiyo. Mara simu zote za jengo zikapiga kelele kwa pamoja, kisha king'ora cha mtaa kikaanza kulia. Wenyeji wanajua siku na saa ambayo king'ora hulia kwa majaribio, na hii haikuwa siku yake. Kimbunga kilikuwa kimeonekana upande wa magharibi, na kila mtu alitakiwa kujificha kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha.

Jengo letu lilikuwa na chumba kimoja tu cha namna hiyo: chumba cha giza, tunamopimia vihisi. Ndani yake, mezani, kihisi cha mama wa Njano kilikuwa kimeunganishwa nyaya, na picha zake ziko wazi kwenye kompyuta.

Bosi alisimama mlangoni. Nilimwona akipima kimbunga upande huu na mawakili upande ule, na nusu dakika nzima sikujua kipi kitashinda.

"Bosi," nikasema, "maiti hawashtakiwi."

Tukaingia sote watano. Mlango ukafungwa, umeme ukakatika, na chumba kikabaki na mwanga wa ile kompyuta tu, iliyokuwa ikitumia betri. Bluu na Njano walisimama wakitazamana, hatua mbili kati yao. Nilijaribu kusimama katikati, lakini mimi ni mfupi.

Mama ndiye aliyeanza. "Mwavuli umeuacha kwenye gari?" alimuuliza mzee.

"Kiti cha nyuma," mzee akajibu. "Na viatu vyako vingine pia."

Fundi wetu alinigeukia taratibu. "Dada," akaninong'oneza, "hawa wanajuana."

Kujuana ni neno dogo. Walifahamiana kwa zaidi ya miaka ishirini, kwenye mikutano na maonyesho ya kamera. Walikuwa wamekaa hoteli moja, wakinywa chai pamoja kila asubuhi, na gari la kukodi walikuwa nalo moja. Kila siku mama alishuka kwenye kona, akazunguka jengo kwa miguu, ili aingie kwa mlango wangu wa mizigo dakika kumi baada ya mzee.

"Kwa nini hamkusema?" nilisikia sauti yangu ikipanda.

"Ulikuwa umejitahidi sana," mama akasema. "Tuliona vibaya kukuharibia."

"Na mimi nimempenda yule bata," mzee akaongeza.

Kisha lililokuwa chungu zaidi likatoka. Kihisi kile cha mezani, ambacho nilikuwa nimekificha kwa ndoo na bata, kilibuniwa na kampuni ya mama, lakini kilitengenezwa kwenye kiwanda cha kampuni ya mzee. Wenye kamera wanashindana dukani, mzee alinieleza, na huku nyuma mmoja anamtengenezea mwingine, kwa sababu kiwanda cha vihisi ni ghali na si kila mtu anacho. Ila watu wa kiwanda na watu wa kamera, hata ndani ya kampuni yake, hawaruhusiwi kuambiana chochote. "Kuna ukuta," alisema.

"Wa nini?"

"Wa karatasi."

Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kompyuta. Picha za mama zilikuwa na mistari hafifu ya mlalo, ile iliyotusumbua tangu Jumatatu bila kupata dawa. Mzee aliitazama, akatazama dari, akaanza kuongea kama anayepitisha muda.

"Friji yangu nyumbani ilikuwa inanguruma kila nikiwasha taa ya jikoni. Kumbe waya wake ulikuwa umelala juu ya waya wa taa. Nikautenganisha, ikanyamaza."

Mama alitoa daftari. "Pole kwa friji yako," alisema, akiandika.

Hapo bosi alielewa. Akageukia ukuta, akatia vidole masikioni, na akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo ambao sidhani una maneno.

"Friji si kitu," mzee akaendelea. "Shida yangu kubwa ni keki. Ninayooka ya kwanza huwa mbaya. Ya pili mbaya kidogo. Ya tano ni nzuri kabisa, na sijabadilisha chochote."

"Unawasha jiko na kuweka keki papo hapo?"

"Papo hapo."

"Kosa. Mimi huliacha jiko lipate moto kwanza. Nusu saa."

"Nusu saa!"

"Dakika arobaini, kama jikoni kuna baridi."

Mzee alitoa daftari lake. Huko nje upepo ulikuwa unapiga paa kama mtu anayedai kufunguliwa, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nacheka mpaka fundi akaniuliza kama ni woga. Kwa kweli kulikuwa na woga ndani yake. Kulikuwa na haya pia, nikikumbuka mihadhara yangu ya bata.

Kimbunga kilipita mbali. Kwetu kiliangusha matawi na kibao cha maegesho, basi. Ijumaa asubuhi fundi aliutenganisha waya wa kihisi na waya wa taa, na mistari ikapotea. Upande wa pili wa jengo mzee aliacha kifaa chake kiwake dakika arobaini kabla ya kupima, akatoka akipiga mluzi.

Bosi aliniomba niandike taarifa ya tukio, na fomu ilikuwa na swali: je, wateja walijadili mambo ya kiufundi? Nilifikiri sana, kisha nikaandika kwamba wateja walizungumzia friji na namna ya kuoka keki. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi bila kunitazama.

Mchana huo, wakati wa kuagana, wageni walinitaka niwapige picha pamoja mbele ya jengo. Wahandisi wawili wa kamera, na hakuna aliyebeba kamera. Nikatoa simu. Mzee alinishauri nisimame wapi, mama akasema mzee hajui mwanga, wakabishana, nikawapiga wakiwa bado wanabishana. Ni picha nzuri.

Bosi alitoka mbio akiwa na masikio mekundu, akaniomba niifute kabla haijaonwa na mtu yeyote. Niliifuta pale pale mbele yake, kwenye simu ya kazi. Ya kwangu ilikuwa mfukoni, na hakuniuliza niliwapiga kwa simu ngapi.