Madoa Meupe Kwenye Mfuko wa Gesi

"Huo si ukungu, bosi! Ukungu unafutika. Hebu futa hiki tuone!"

Aleykutty alimtupia Pappachan kipande cha mpira mezani, karibu amwage chai. Kilibaki walipotengeneza mfuko wa wifi yake; alikuwa amekikata kwa kisu, na ndani ya mkato vilionekana vidoa vyeupe kama chenga za mchele.

"Mama, kwa mvua hizi hata viatu vyangu vimeota ukungu," alisema Pappachan, mwenye karakana. "Tumefuta kwa kitambaa, mfuko ukang'aa. Au si wewe uliyeshika kitambaa?"

Hapo Pappachan alimpata. Nani hapa Kottayam hafuti ukungu kwenye mpira wakati wa mvua? Aleykutty alifuta kwa baba yake, akafuta kwa mumewe, aliyegema naye miti ya mpira mpaka akamfia, na sasa anafuta hapa, kwenye mashine ambayo rola zake zilishamla ncha ya kidole na bado anazilisha kila siku.

Mifuko yao ni ya kuhifadhi gesi ya kupikia, ile ya kinyesi cha ng'ombe. Mpira mtupu huivujisha kidogo kidogo, kwa hiyo huchanganya mpira wa shamba na wa kiwandani, wakatia udongo laini kuliko poda ya mtoto. Ukisambaa vizuri, vipande vyake hulala kama magamba ya samaki, gesi ikazunguka wee isione njia. Ukiwa na unyevu hugandamana madonge meupe, na hapo gesi hupita. Gunia la udongo lilikuwa limeachwa wazi siku zote hizo za mvua.

"Ule mfuko umefungwa wapi kwa wifi yangu?"

"Kwa Rosakutty? Vijana wameuweka ndani ya banda la kuni, usinyeshewe."

Aleykutty alilijua banda hilo. Banda lile limeshikana na jiko, dirisha halina. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na Rosakutty akisikia tu kengele ya kanisa ya jioni huwasha taa ya sala kwa kibiriti.

"Mpigie simu!"

"Nimwambie nini? Kwamba nauza mifuko mibovu?"

"Basi baki na chai yako."

Akapiga mwenyewe. Simu ya wifi ilikuwa imezimika. Bila umeme angeichaji vipi? Akatoka mbio bila mwavuli, nguo ikimganda miguuni. Kengele ilianza kulia kabla hajavuka mfereji. Alitaka kusali, maneno yakamkataa. Macho aliyakaza kwenye vigae vya paa la Rosakutty, akingoja viruke.

Getini harufu ya gesi, kama mayai viza, ilimpokea licha ya mvua.

"Rosakutty! Usiwashe!"

Wifi yake alikuwa amesimama jikoni chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kibiriti mkononi, pua nyekundu kwa mafua.

"Ohoo! Umeniletea kuku wangu?"

Ndiyo salamu yake tangu Aleykutty alipoazima kuku wa kuwapikia wageni wa arobaini ya mumewe, asimrudishe.

"Weka chini kibiriti."

"Unaniamrisha kwangu? Na njiti zenyewe zimelowa, mbili zimekataa, hii ya tatu..."

Aleykutty alimrukia, akampokonya, akakitumbukiza kibiriti kwenye ndoo. Kisha akamburuta nje.

"Husikii harufu, wewe?"

"Kwa mafua haya? Hata samaki aliyeoza simsikii."

Aleykutty alilimwagia maji komeo la chuma la banda lisije likatoa cheche, akabana pumzi, akaingia bandani. Alifunga koki, akachomoa bomba, akauvuta mfuko mpaka uani kwenye mvua. Palepale, kila palipokuwa na donge jeupe ndani yake, povu dogo likaanza kuchemka juu ya mpira uliolowa. Mfuko mzima ulichemka.

Rosakutty aliutazama. Akaitazama ndoo ya kibiriti kule jikoni. Mkono wake ukatafuta kiwiko cha Aleykutty, ukakishika kwa nguvu.

Giza likaingia, hakuna aliyethubutu kurudi ndani. Walisimama chini ya migomba, wamelowa chapachapa.

"Wifi," Rosakutty alisema hatimaye, "yule kuku alikuwa keshaacha kutaga. Usihangaike naye."

Aleykutty alitaka kucheka. Meno yakagongana tu.